Kutafuta shule ya kung fu ukiwa bado chuoni

Mwanachuo anayetafuta shule ya kung fu kwa kawaida huanza na swali la watu wengine. Huuliza mtindo upi ni bora, Wing Chun au Hung Gar, Shaolin ya kaskazini au taiji (tai chi), kisha anakesha akitazama video za watu wanaobishana. Swali lake yeye ni jingine, nalo halina mvuto wowote: darasa linaisha saa ngapi, na nikitoka hapo narudije?

Mimi nilitafuta shule nikiwa na vipindi vya asubuhi, maabara za mchana, na zile kazi za vikundi ambazo wenzako huzikumbuka saa mbili usiku. Ukiwa na maisha ya namna hiyo, kilomita hazikuambii kitu. Shule iliyo upande wa pili wa mji lakini imekaa kwenye njia ya basi linalotembea hadi usiku ni jirani yako. Iliyo nusu ya umbali huo, ambayo darasa lake linafungwa basi la mwisho likiwa limeshapita, si ya kwako. Watu wengi hupiga hesabu ya kwenda tu, maana wakati wa kwenda mtu ana hamu na nguvu. Kurudi ndiko kunakoamua. Umetoka kusimama mkao wa farasi mpaka mapaja yanatetemeka, njaa inauma, jasho linakupoa mgongoni, na kesho asubuhi kuna jaribio. Nimeona wanachuo wakiacha shule nzuri kabisa, na karibu wote hawakushindwa na mazoezi. Walishindwa na kituo cha basi.

Kwa hiyo chukua kwanza ratiba ya muhula, utafute jioni mbili zisizo na kipindi wala maabara. Mbili zinatosha, na mbili unazohudhuria kweli zinakufikisha mbali kuliko nne za kwenye karatasi. Halafu uliza shule zilizopo: darasa la wanaoanza ni siku gani? Sisemi madarasa yote. Shule inaweza kujitangaza kuwa iko wazi wiki nzima, kumbe wanaoanza wana siku moja tu, nayo inagongana na maabara yako. Hapo orodha yako ya shule inapungua haraka sana, na ni afadhali ipungue ukiwa umekaa kitini kuliko ukiwa umeshalipa ada.

Orodha yenyewe unaipataje? Ukitafuta kwenye intaneti utaletewa kwanza wale wanaojua kujitangaza, na kujua kujitangaza ni fani ya peke yake. Walimu wengi wa kung fu hawana tovuti ya maana. Wanakodi ukumbi jioni chache kwa wiki, katika shule ya msingi, kwenye kituo cha jamii, nyuma ya jengo la ibada, na tangazo lao ni karatasi iliyobandikwa mlangoni. Wala hili si jambo la kushangaza katika mchezo huu. Ip Man alipoanza kufundisha Wing Chun Hong Kong mwaka 1950, alianzia kwenye chama cha wafanyakazi wa migahawa. Bruce Lee naye, aliyepitia mikononi mwa Ip Man, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alifundisha wenzake popote palipopatikana nafasi kabla hajafungua ukumbi wake karibu na chuo mwaka 1963. Jesse Glover, anayehesabiwa kuwa mwanafunzi wake wa kwanza Marekani, alikuwa mcheza judo. Kwa hiyo ukikuta darasa linafanyika kwenye chumba chenye meza za plastiki zilizosukumwa ukutani, usigeuze mguu.

Kuna milango mitatu ambayo wanachuo huisahau. Nchi nyingi zina shirikisho la taifa la wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina, na shirikisho hilo linazijua klabu zake. Ujumbe mmoja unaweza kukupa majina ambayo hakuna tovuti inayokupa. Pili, vyuo kadhaa vina Taasisi ya Confucius, kituo cha lugha na utamaduni wa China, na nyingi kati ya hizo hufundisha taiji au wushu kidogo sambamba na lugha, mara nyingi ndani ya eneo la chuo lenyewe. Hata kama darasa lao ni jepesi, mwalimu wa hapo mara nyingi anajua nani anafanya mazoezi ya kweli mjini. Tatu, nenda bustanini au uwanjani alfajiri. Wazee wanaocheza taiji polepole chini ya miti hawajitangazi kokote, na baadhi yao wamekaa na mchezo huo miaka mingi kuliko umri wako. Wasalimie, subiri wamalize, ndipo uulize.

Halafu kuna klabu ya chuo. Hii ndiyo ninayoulizwa zaidi, na jibu langu si la moja kwa moja. Faida zake zinajulikana: iko karibu, ada yake ni ndogo, na inapumzika wakati wa mitihani kwa kuwa kila mtu ana mitihani. Tatizo ni kwamba viongozi wake wanahitimu. Mwaka huu ina mtu aliyejifunza tangu utotoni, mwaka unaofuata ameondoka na darasa limeachiwa mwenzetu mwenye miaka miwili ya mazoezi na moyo mkubwa. Moyo mkubwa hauoni goti linaloharibika. Swali la kuuliza ni moja: nani atakuwa anafundisha mwenyekiti akishahitimu? Wakikuambia kuna mwalimu wa nje anayekuja, hata mara moja kwa wiki, jiunge leo leo na usihangaike tena na mabasi. Wakitazamana, jiunge kwa ajili ya kupata wenzako wa mazoezi, lakini endelea kutafuta mwalimu.

Ukishabaki na shule mbili au tatu, nenda ukatazame. Mwalimu anayekataa mgeni kukaa pembeni kwa darasa moja amekurahisishia kazi, mshukuru uondoke. Ukiruhusiwa, kaa mahali usipozuia mtu, zima simu, na kwa dakika ishirini za mwanzo usimtazame mwalimu. Najua ndiye uliyekuja kumwona. Lakini mwalimu mzuri wa kutazamwa si lazima awe mzuri wa kufundisha. Usimtazame pia yule mwanafunzi nyota anayeruka na kutua bila sauti, kwa sababu hujui alikuja na nini. Huenda alikuwa mcheza sarakasi, huenda ana kipaji tu. Na wanaoanza hawakuambii lolote, wote wanayumba.

Watazame wenye mwaka mmoja hadi miwili. Hao ndio kazi ya mikono ya shule. Walikuja kama wewe, bila kitu, na hapo walipo ndipo nawe utakapokuwa ukidumu. Huwa nawatambua kwa suruali: nyeusi yake imeshaanza kufifia magotini, lakini mwenyewe bado anahesabu hatua kwa midomo.

Katika darasa moja nililokaa kutazama, walikuwa kwenye mkao wa farasi, ule wa miguu kupanuliwa na kushuka kama umekalia kitu. Binti mmoja wa kundi hilo la katikati alishuka vizuri, lakini kadiri muda ulivyokwenda goti lake la kushoto lilianza kuanguka kwa ndani, likaiacha njia ya vidole vya mguu. Mwalimu alipita nyuma ya mstari, akainama, akaligusa lile goti kwa nje na vidole viwili, akasubiri. Goti likarudi juu ya vidole. Akaendelea na safari yake bila kusema neno. Kilichonivutia kilikuja baadaye. Waliposhuka tena, goti lilianza kuanguka, na yule binti akalirudisha mwenyewe kabla mwalimu hajafika hata nusu ya mstari. Kwangu mimi jambo hilo lilikuwa na uzito kuliko vyeti vyote vilivyotundikwa ukutani, kwa sababu goti linaloachwa likianguka kwa ndani mwezi baada ya mwezi ni jeraha linalongoja siku yake, na shule iliyowafundisha watu wake kulihisi wenyewe inakutunza hata unapofanya mazoezi peke yako.

Baada ya mikao, tazama mazoezi ya wawili wawili. Mmoja anarusha ngumi, mwingine anazuia. Angalia ngumi ingefika wapi kama isingezuiwa. Mahali pengi inaishia shibri nzima kabla ya uso, hivyo yule anayezuia anazuia hewa, na wote wawili wanaridhika. Wanaweza kuendelea hivyo miaka. Katika shule nzuri ngumi huja polepole, hasa kwa wanaoanza, lakini inakuja usoni kweli, na usipoizuia inakugusa. Kama wanafundisha kutupana, shusha macho sakafuni: kuna mikeka? Na je, watu wamefundishwa kuanguka kabla ya kufundishwa kuangusha? Shule inayoanza na kuangusha juu ya saruji haijali mgongo wako, hata mwalimu awe mcheshi namna gani.

Kisha uliza kuhusu kupigana kwa mazoezi. Si kila mtu anayetaka kung fu anataka kupigana, na sioni ubaya. Kuna anayetaka afya, kuna anayependa uzuri wa fomu, ule mfululizo wa mapigo unaochezwa peke yako. Lakini mwalimu awe mkweli kuhusu kile anachouza. Mwenye shule ya wushu ya mashindano atakuambia bila aibu kuwa hapo ni kuruka, kunyumbulika na kupewa alama na waamuzi, na huo ni mchezo halali wenye shirikisho lake la kimataifa tangu 1990. Mwenye shule ya sanda, mchezo wa Kichina wa kupigana, atakuonyesha glavu na kofia za kinga, kwa sababu sanda ni ngumi, mateke na mitupo dhidi ya mtu anayekataa. Wa kumwogopa ni yule anayesema mbinu zake ni hatari mno kujaribiwa. Aprili 2017, huko China, mpiganaji wa MMA (mapigano mchanganyiko) Xu Xiaodong alimwangusha Wei Lei, aliyekuwa akijitambulisha kama bingwa wa taiji, kwa chini ya nusu dakika, na video ile ikazunguka dunia. Wengi waliitumia kusema kung fu ni uongo. Mimi niliona kitu kidogo zaidi: mtu ambaye hajazoea kupigwa alikutana na mtu ambaye kupigwa ni kazi yake ya kila siku. Taiji yenyewe haikuwa na kosa. Kama unataka uwezo wa kupigana, basi lazima shule iwe na jioni ambazo mtu anajaribu kukupiga kwa dhati, ukiwa umevaa vifaa na mwalimu akisimamia.

Utaonyeshwa pia nasaba. Ukutani kuna picha za wazee, mwalimu wa mwalimu wa mwalimu, na utasimuliwa mlolongo unaorudi hadi karne iliyopita au zaidi. Nasaba ina kazi yake: inaonyesha kuwa huyu bwana alikaa chini ya mtu kwa miaka, hakujifunza kwenye simu. Ila ufundi wa kufundisha haurithiwi kwa picha. Na wanaodai kuwa kung fu halisi ni ile ya siri, ya mzee na mwanafunzi mmoja mlimani, wanasahau kwamba chama cha Jingwu, ambacho wengi hukiita Chin Woo, kilianza Shanghai mwaka 1910 kikifundisha mitindo kadhaa chini ya paa moja, kwa watu wa kawaida wa mjini, wafanyakazi na wanafunzi. Darasa la jioni la watu wenye shughuli zao ni jambo la zamani katika mchezo huu.

Mikanda ya rangi nitaipitia upesi. Ngazi za mkanda zilitoka kwa judo, mchezo wa Kano Jigoro aliyefungua Kodokan mwaka 1882, na shule nyingi za kung fu ziliziazima baadaye sana. Shule isiyo na mikanda haikosi kitu. Yenye mikanda, uliza mtihani wa kila mkanda unalipiwa kiasi gani na ngazi ziko ngapi, halafu zidisha mwenyewe.

Sasa turudi kwenye mtindo, maana najua bado unakukereketa. Kwa mwanachuo mtindo una maana, ila kwa sababu ambayo haisemwi sana: ukubwa wa chumba chako. Utakuwa darasani mara mbili kwa wiki, siku nyingine uko hosteli, kati ya kitanda na meza, na mwenzako amelala. Hapo Wing Chun ina bahati. Fomu yake ya kwanza, Siu Nim Tao, inachezwa miguu ikiwa imesimama mahali pamoja mwanzo hadi mwisho. Unaweza kuifanya kwenye nafasi ya taulo. Choy Li Fut, ambayo historia yake inaanzia kwa Chan Heung mwaka 1836, ina mikono mirefu inayozunguka kama panga la feni, na ukiijaribu chumbani utaangusha taa. Baguazhang inataka duara la kutembea. Hung Gar inataka nafasi ya wastani, lakini mikao yake ya chini unaweza kuifanya popote, hata ukisubiri maji yachemke. Fomu ya taiji ya hatua 24, iliyotungwa China mwaka 1956 ili watu wengi waweze kujifunza, inachukua kama dakika sita, ila inakuhitaji usogee pembeni na kurudi. Ukumbi wa chini wa hosteli saa kumi na mbili asubuhi unatosha, ukivumilia kutazamwa na wanaokwenda kuoga.

Na kama baada ya yote hayo hakuna shule ya kung fu unayoweza kuifikia? Tazama majirani. Karate ya Goju-ryu ina damu ya kusini mwa China ndani yake: Kanryo Higaonna wa Okinawa alikwenda kujifunza katika mji wa Fuzhou karne ya 19, na mwanafunzi wake Chojun Miyagi ndiye aliyeuanzisha mtindo huo. Uechi-ryu nayo ilitoka Fuzhou kupitia kwa Kanbun Uechi. Zote mbili zina Sanchin, fomu ya kusimama na kupumua yenye ndugu zake hadi leo katika mitindo ya Fujian, jimbo ulipo mji wa Fuzhou. Anayekaa miaka mitatu na mwalimu mzuri wa Goju-ryu karibu na chuo, akihamia mji wenye kung fu, hataanza upya. Miguu na mgongo vitakuwa vimeshafundishika. Judo na ndondi pia zitakupa mambo ambayo shule nyingi za kung fu huchelewa kuyagusa. Kujifunza peke yako kwa video siipendekezi kama mwanzo. Video haikugusi goti.

Kuhusu pesa nitakuwa mkali kidogo. Usisaini mkataba wa mwaka. Mwaka wa mwanachuo hauna miezi kumi na miwili. Una mihula, na katikati yake kuna likizo ndefu ambayo utakuwa nyumbani kwenu, mbali, huku ada ikiendelea kukatwa. Tafuta kulipa kwa mwezi au kwa darasa. Uliza kama wana punguzo la wanafunzi, kwa kuwa wengi wanalo lakini hawalibandiki ukutani, na uliza kama unaweza kusimamisha malipo wakati wa likizo. Kama ni lazima usaini, soma kipengele cha kujitoa kabla ya kusoma kitu kingine chochote. Walimu wengine hukubali mwanafunzi asaidie darasa la watoto au kufagia ukumbi badala ya sehemu ya ada. Hilo ni zuri, mradi mipaka yake isemwe mapema, isije ikawa umegeuka mfanyakazi asiyelipwa ambaye pia hufanya mazoezi akipata nafasi.

Na usione haya kusema habari ya mitihani tangu siku ya kwanza. Mimi nilimuuliza mwalimu mmoja, baada ya kutazama darasa lake, "Mwalimu, nikipotea mwezi mzima kwa ajili ya mitihani?" Alikuwa anakunja mkeka. "Kijana, mitihani fanya. Ukirudi utatukuta kwenye mkao ule ule." Mwingine, siku chache kabla yake, swali hilo hilo lilimpandisha hasira, alisema mwanafunzi wa kweli hakosi darasa. Mtu wa aina hiyo atakuweka njia panda kila muhula, na chuo ndicho ulichokuja kukifanya.

Sare usinunue bado. Kwa mwezi wa kwanza suruali pana isiyobana mapajani na viatu vyepesi vya soli nyembamba vinatosha karibu kila mahali. Viatu vya kukimbilia vyenye soli nene vinakufanya uyumbe kwenye mikao. Kata kucha za vidole, vua pete na mkufu, beba maji na nguo kavu ya kurudia. Fika robo saa kabla, umweleze mwalimu jeraha lolote la goti, bega au mgongo ulilo nalo, hata la zamani. Na kabla hujatoka hosteli, angalia tena saa ya basi la mwisho, kwa sababu ratiba za siku za sikukuu hubadilika.